NGARAMTONI, NILIKOKWENDA KUPIMA MIGUU YANGU

Kama kawaida ya ukurasa wetu huu, leo tunasafiri. Ila safari ya leo si ya kwenda kuangalia twiga wala kuogelea Zanzibar. Mwenzenu nilipanda basi, kilomita zaidi ya mia sita, kwenda kukimbia. Ndiyo, umesoma sawasawa, kukimbia. Mama yangu aliponiuliza naenda Arusha kufanya nini nikamjibu hivyo hivyo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwani Temeke barabara zimejaa?"

Temeke barabara hazijajaa. Tatizo lilikuwa langu mwenyewe, na nitakueleza.

Mimi na mbio tumejuana zamani. Nilipoanza darasa la kwanza shuleni kwetu mchakamchaka ulikuwa bado upo. Alfajiri, giza halijatoka vizuri, mmepangwa mistari, kiranja anaanzisha wimbo na nyie mnaitikia huku mnapiga miguu chini. Wenzangu wengi walikuwa wanauchukia, wanajificha chooni, wengine wanasingizia tumbo. Mimi nilikuwa natoka nyumbani mbio ili niuwahi. Yaani nakimbia kwenda kukimbia! Nikiwa darasa la nne nilikuwa nawaacha wavulana wa darasa la sita, na walimu wakanipachika jina la pikipiki.

Basi ikawa ndiyo tabia. Nimemaliza kidato cha nne, nimeuza vocha, nimeuza nguo za mtumba, nimeanza kuandika andika magazetini, mbio sijaziacha. Naamka saa kumi na moja alfajiri, navaa raba zangu za mtumba wa Karume, nafunga kanga kiunoni juu ya traksuti. Hiyo kanga ni ya mtaani tu, kwa sababu ya majirani na macho yao. Nikifika barabarani kuna mama mmoja anakaanga vitumbua. Namwachia kanga, ananiwekea kwenye beseni lake, nachukua nikirudi. Kutoka Tandika napita hospitali ya Temeke, nateremka hadi Uwanja wa Mkapa, nazunguka nje ya ukuta, narudi. Kama kilomita nane hivi. Yule mama ananijua kiasi kwamba nikichelewa hata dakika tano ananiuliza kama nilipata ajali.

Wanaume wa njiani nao wana yao. "Dada, nani kakufukuza?" "Mrembo, njoo nikupe lifti." Siku za Jumamosi vilabu vya jogging vinajaza barabara, fulana za rangi moja, nyimbo na filimbi, na hao hakuna wa kuwatania kwa sababu ni umati. Mwanamke mmoja, peke yake, alfajiri, hiyo ni kesi nyingine. Nimeshazoea. Nikiwaona wamekaa kwenye bodaboda zao naongeza mwendo na maneno yao yanabaki nyuma.

Sasa tatizo lenyewe ni hili. Miaka kumi sasa, kila mtu akiniuliza kwa nini nakimbia hivyo na sipati hata senti, nina hadithi yangu. Nilikuwa kidato cha tatu, tukawa na mchujo wa mkoa wa UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari. Mita 1500 wasichana. Jina langu likakatwa. Likakatwa mezani, nawaambia watu, wakubwa walikuwa na mtu wao. Kama si hivyo saa hizi mngekuwa mnanisoma kwenye kurasa za michezo, siyo huku kwenye porojo. Hadithi tamu. Watu wananionea huruma, wengine wananinunulia soda.

Lakini nikitimiza miaka ishirini na saba nikaanza kujiuliza usiku: hivi kweli? Hizi mbio zangu ni mbio za kweli, au ni mbio za Tandika tu? Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari ni mwalimu wa shule ya msingi Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha. Alishaniambia kwamba pale kwao alfajiri barabara ni ya wakimbiaji. Nikampigia simu. Akasema, "Njoo shoga yangu, kitanda kipo."

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa ndani ya basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Njia hii wengi mnaijua, sitawachosha. Chalinze, Segera, mashamba ya mkonge, Korogwe mnateremka kula wali wa haraka haraka huku dereva anapiga honi. Kuanzia Mombo milima inakukaa mkono wa kulia, Usambara kwanza kisha Upare. Moshi tulipita mlima umejifunika mawingu kama bibi harusi. Jirani yangu kwenye siti, mzee mmoja wa Kichaga, alinionyesha upande wa Mweka, kule wanakopandishia wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003. "Kile kilima kimeliza watu," akasema. Nikacheka. Nilikuwa bado sijalizwa.

Arusha mjini tuliingia jioni. Daladala ya kwenda Ngaramtoni ilipita karibu na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na hapo kuna jambo moja linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, lakini wapenzi wa ushairi wanamjua zaidi kwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Mtu wa vina na mizani, na jina lake limewekwa kwenye uwanja wa mpira na riadha. Mimi naona linafaa kabisa. Mbio nazo zina mizani yake, ukiikosea hatua moja utaisikia mwisho.

Ngaramtoni ni mji wa barabarani, kwenye njia ya kwenda Namanga. Juu yake Mlima Meru, mita 4,562, umesimama kama mtu anayekuchungulia dirishani. Kuna soko, mbuzi, mahindi, maharage, akina mama wa Kiarusha na shanga zao, na baridi ambayo sisi watu wa Dar tunaiita friji. Shoga yangu alinipokea na loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, nikala bakuli mbili. Akaniambia nilale mapema.

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nilisimama kwenye njia ya vumbi inayopanda kuelekea msitu wa Olmotonyi, nikaona kwa macho yangu. Wanakuja wawili wawili, watano watano, kundi la kumi, hawana kelele, unasikia raba tu zinagusa udongo. Wengi ni vijana wa Kiiraqw kutoka Mbulu na Karatu, wengine Singida, wengine wenyeji. Wamepanga vyumba hapo, wanapika pamoja, wanaishi kwa mbio. Wanawake wapo, tena wengi, na hakuna anayewauliza nani kawafukuza. Bodaboda akipita anasogea pembeni. Mwenzenu nilisimama pale nimeduwaa na traksuti yangu, kanga nimeiacha ndani, na nilijisikia kama mtu aliyefika kwao kwa mara ya kwanza.

Kocha niliyepelekwa kwake anafundisha vijana wa sekondari na wachache waliomaliza. Mtu mzima, kofia ya sufu, saa ya kupimia muda shingoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Ndiye mgeni wa Dar?"

"Ndiyo mwalimu."

"Unakimbia kilomita ngapi kwa wiki?"

Nikampigia hesabu, kama arobaini na nane.

"Na siku zako za taratibu ni zipi?"

"Siku za taratibu ndiyo zipi, mwalimu?"

Akawageukia mabinti wake, wakacheka wote. Hawakucheka kwa ubaya, ila walicheka.

Siku ile ilikuwa siku ya taratibu. Tukaanza. Msomaji wangu, kilomita ya kwanza tulitumia karibu dakika saba! Kuku wanatupita. Kikongwe mmoja aliyebeba kuni alikuwa mbele yetu na tulichukua muda kumpita. Nikadhani wananidharau, wanafikiri mgeni hawezi. Nikaanza kujisogeza mbele, mguu mmoja, miwili, kama ninavyofanya kule kwetu nikiona mtu mbele yangu. Kocha alikuwa nyuma na baiskeli. Akaniita, "Binti, rudi kundini."

Kilomita ya tatu nikahisi mwendo umepanda kidogo. Ya nne, kidogo tena. Hakuna aliyetoa amri, kundi lenyewe linapanda kama maji yanavyochemka. Kufika ya sita mabinti bado wanapiga soga kwa Kiiraqw na kuchekeana, na mimi kichomi kimenishika ubavuni, pumzi inatoka kama pampu mbovu. Ya nane niliimaliza natembea. Wao waliendelea hadi kumi na mbili.

Kocha alinieleza tukiwa tunasukuma baiskeli kurudi. Kwanza hewa. Pale uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na mtu wa pwani akipanda ghafla lazima ahemee juu juu. Mwili ukikaa huko wiki kadhaa unaongeza chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba hewa, na ndiyo maana wakimbiaji wanaishi kule. Hilo nilikuwa nalifahamu. La pili ndilo lililonigusa. Akasema mabinti wake wana siku tatu ngumu kwa wiki: Jumanne vilima, Alhamisi mbio ndefu ya kasi, Jumamosi kiwanjani. Siku hizo wanakimbia hadi wanatapika. Zilizobaki wanakwenda taratibu, kwa sababu misuli inajengeka wakati wa kupumzishwa. "Wewe," akasema, "kila siku unakimbia kama unakimbizwa. Si taratibu, si kasi. Katikati. Miaka yote hiyo unachoka bure."

Miaka yote hiyo! Kilomita nane, siku sita, wiki baada ya wiki, na kila siku nikirudi natweta najisifu nimepiga kazi. Nilitamani kumjibu kwamba kule kwetu kweli nakimbizwa, kwamba mwanamke akienda taratibu barabarani alfajiri anajitafutia makubwa. Sikumjibu. Nusu yake ilikuwa kweli na nusu kisingizio, na sikujua mpaka uko wapi.

Kwenye mgahawa wa chai karibu na soko wazee na vijana hawaongei Simba na Yanga peke yake, wanaongea riadha. Mmoja alikuwa anasimulia ushindi wa Alphonce Simbu kama vile alikuwa Tokyo amekaa jukwaani. Tarehe 15 Septemba 2025, mashindano ya dunia, marathoni, kilomita arobaini na mbili na ushee, na mwisho wanaingia uwanjani Simbu na Mjerumani Amanal Petros bega kwa bega. Muda wao ulikuwa mmoja, saa 2:09:48, picha ndiyo iliyoamua, tofauti mia tatu tu za sekunde. Nikimaanisha tatu katika mia. Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha kwenye mashindano hayo, na kwa saa za kwetu ilikuwa usiku wa manane, nchi imelala. Mzee wa chai akasema yeye hakulala. Kila mtu pale hakulala usiku ule, ukiwauliza.

Wakatoka kwa Simbu wakarudi nyuma. Juma Ikangaa kushinda New York mwaka 1989. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kule Moscow mwaka 1980, fedha mbili, Bayi mita 3000 kuruka viunzi na maji, Nyambui mita 5000, na hadi michezo ya Paris 2024 hizo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizo nazo. John Stephen Akhwari wa Mbulu, Mexico mwaka 1968, aliyeanguka akaumia goti, akafungwa bandeji na kuingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, watu wengi wameshaondoka. Wanawataja kama watu wa ukoo. Mmoja akaniuliza, "Na wewe mwanariadha?" Mabinti wawili wa kocha walikuwa wamekaa na mimi, shoga yangu pia. Basi nikaona ndiyo mahali pake. Nikatoa hadithi yangu. Kidato cha tatu, mchujo wa mkoa, jina kukatwa mezani. Niliisimulia vizuri, nina uzoefu. Mzee wa chai akatikisa kichwa, akasema nchi hii bwana. Akanifutia deni la chai.

Shoga yangu hakusema kitu.

Usiku tumelala, taa imezimwa, blanketi mbili juu yetu, nikasikia sauti yake gizani.

"Shoga."

"Abee."

"Mbona siku ile ulikuwa wa tatu?"

Nikanyamaza.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa nimekushikia maji. Walikuwa wanachukua wawili. Uliongoza hadi mita mia mbili za mwisho, wakakupita wale wasichana wawili. Uliingia wa tatu."

Msomaji wangu, naandika hapa kwa sababu nimeshaisimulia ile hadithi yangu kwa watu wengi sana, na huenda wengine wanasoma gazeti hili. Ni kweli. Nilikuwa wa tatu. Hakuna aliyenikata. Mara ya kwanza kusema nimekatwa ilikuwa jioni ile ile, nilipofika nyumbani baba akauliza imekuwaje. Nilikuwa namwogopa kumwambia nimeshindwa, maana alishawaambia watu wa mtaani. Baba alikasirika sana, akataka kwenda kuonana na wakubwa. Nikamsihi asiende, nikamwambia hawatamsikiliza. Baba sasa ni marehemu. Amekufa akijua mtoto wake alidhulumiwa. Baada ya hapo nikawa naisimulia tu, na ukisimulia jambo miaka kumi unaanza kuiona hata ile meza, na karatasi, na kalamu.

"Kwa nini hukunisuta pale mgahawani?" nikamuuliza.

"Ningekuaibisha kwa watu?" akasema, akageukia ukutani, akalala.

Mimi sikulala.

Jumamosi ikafika. Kiwanja cha shule, nyasi zimekatwa na mistari imechorwa kwa chokaa. Mzunguko mita 400, kocha aliupima mwenyewe kwa futi ya kamba. Nilimwomba anipime mita 1500. Akaniangalia, akaniuliza kama nina hakika, hewa bado sijaizoea. Nikamwambia mwalimu, naomba. Akanipa binti mmoja wa kidato cha pili anisindikize, kamwembamba, miguu kama ya korongo, viatu vyake vya njumu vimeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Unaanzia mwanzo wa ule upande ulionyooka wa mbali, unakimbia mita mia tatu hadi kwenye mstari wa kumalizia, halafu mizunguko mitatu kamili. Ni mbio yenye hila. Si fupi ya kusema funga macho uende, si ndefu ya kusema nitapumzika katikati. Mzunguko wa tatu ndio unaokula watu. Wa kwanza una nguvu, wa mwisho unaona kamba, wa tatu huoni chochote.

Na hapo hapo kwenye mita hizo 1500 ndipo Bayi alipotikisa dunia, tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, michezo ya Jumuiya ya Madola. Kijana wa Karatu, miaka ishirini. Wakati ule watu wa mbio hizo walikuwa wanaviziana, wanakwenda pole pole na kusubiri mzunguko wa mwisho. Yeye alitoka mbele toka bunduki inalia, akawaacha mbali, akawaambia kwa miguu yake njooni kama mnaweza. John Walker wa New Zealand alimkaribia mwishoni lakini hakumpata. Dakika 3 sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Walker mwenyewe wa pili naye alivunja rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun ya mwaka 1967. Kama rekodi ya michezo ile ya Madola, muda wa Bayi ulikaa miaka 48 hadi ulipovunjwa Birmingham mwaka 2022. Huyo ndiye aliyekuwa kichwani mwangu nilipoinama kwenye chokaa. Ujinga, najua.

Kocha akapiga makofi. Nikatoka kama Bayi. Mita mia tatu za kwanza sekunde 58, kocha akapiga kelele, "Punguza! Punguza!" Yule binti alikuwa ametulia nyuma yangu, simsikii hata anavyohema. Mzunguko uliofuata sekunde 84, nikajiona nipo. Kisha ukaja ule wa tatu niliokwambia. Kwenye kona yule binti akanipita bila kuniangalia, kama mtu anayempisha jirani sokoni. Miguu ikajaa saruji. Mdomo ukawa na ladha ya chuma. Sekunde 90. Nilisikia mwenyewe naguna. Wa mwisho nilikimbia na macho yangu kwenye mgongo wake, ukawa mdogo, mdogo, na alipovuka mstari mimi nilikuwa bado kwenye kona ya mwisho.

Dakika 5 sekunde 20. Yule binti, 4:49, na alikuwa amenisindikiza tu.

Nikalala kwenye nyasi. Nikapiga hesabu nikiwa nimelala, sijui kwa nini kichwa kilichagua hesabu wakati ule. Kwa muda aliotumia Bayi kumaliza, dakika 3 sekunde 32, mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimevuka mita elfu moja. Yeye ameshamaliza, amevaa traksuti, mimi nimebakiza mzunguko mzima na zaidi. Na nisijifiche kwenye uanaume wake: Faith Kipyegon wa Kenya, mama mwenye mtoto, mwaka 2025 alikimbia 3:48.68. Kwa huyo pia ningekuwa bado nina mzunguko wa kuzunguka.

Kocha akaja akachuchumaa. Nikamuuliza lile nililopandia basi. "Mwalimu, kama ningelelewa huku toka mdogo, ningefika wapi?"

Hakuharakisha kujibu, na nilimheshimu kwa hilo. Akasema kwa hewa ya kwetu ningepunguza sekunde kadhaa. Kwa mazoezi ya kweli ningepunguza nyingine nyingi. "Ungekuwa wa mkoa," akasema. "Mkoa mzuri. Taifa, sidhani. Dunia, hapana." Halafu akauliza, "Lakini nani alikuambia uache?"

"Hakuna."

"Basi kesho ni taratibu. Saa kumi na mbili kasoro."

Unaweza kudhani nililia. Nililia kidogo, lakini si pale, ni bafuni. Cha ajabu baada ya hapo nilikula ugali kama mjenzi. Nilimtafuta yule mzee wa chai, nikamwambia ile hadithi niliyomsimulia haikuwa hivyo, nilikuwa wa tatu, na nikamlipa chai yake. Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Akapokea pesa lakini. Mama nilimwambia niliporudi. Kaburi la baba bado sijaenda, nitakwenda.

Jumapili nilikimbia na lile kundi kwa mara ya mwisho. Dakika saba kilomita ya kwanza, kuku wanatupita, na safari hii sikujisogeza mbele. Yule binti wa kidato cha pili alikuwa pembeni yangu, akaniuliza Dar bahari inanukaje. Nikagundua kwamba naweza kukimbia na kuongea, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu mchakamchaka. Nikamsimulia bahari kilomita nne nzima. Akasema mwaka mmoja akienda UMISSETA ya taifa labda ataiona. Nikamwambia akipata nafasi anitafute, nitamnunulia pweza.

Jumatano iliyofuata nimerudi Tandika. Saa kumi na moja alfajiri, joto, matope ya mvua ya usiku, kanga kiunoni. Nikamwachia mama wa vitumbua kanga yangu nikaondoka taratibu. Taratibu kweli kweli. Vijana wa bodaboda wakasema yao, tena safari hii walipata nafasi ya kuyasema yote hadi mwisho, maana sikuwakimbia. Mmoja alipoishiwa maneno akasema, "Haya dada, safari njema." Nikamjibu asante.

Niliporudi yule mama alikuwa amesimama, mkono kiunoni, ananiangalia kwa wasiwasi.

"Mwanangu, leo unaumwa?"

"Hapana mama. Leo ni siku ya taratibu."

"Hiyo nayo ikoje?"

Nikaanza kumweleza mambo ya misuli na chembe za damu. Akanisikiliza huku anageuza vitumbua, akanikabidhi kanga yangu, na viwili vya moto juu yake kwenye karatasi. Akasema kama ni hivyo basi kesho nimpitie mapema, naye anatembea hadi sokoni kila asubuhi na hana mtu wa kuongea naye.